Jiwe Chini ya Kahawa

Nilimwahidi binti mmoja niliyekuwa nikimtembelea kwamba siku washenga wa mdogo wake watakapofika kwao Kishanda, yeye ndiye atakayewakaribisha kwa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni wa Kihaya hutafuna kabla ya maneno yoyote. Alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mikono yake hutetemeka, na kila wageni walipokuja alipelekwa chumba cha ndani.

Nilikuwa nimetoka chuoni nikaajiriwa na kituo kimoja cha Bukoba kuwatembelea watu wenye ulemavu majumbani. Mjomba wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaa wa Bilele, alikuwa akinisubiri nikubali kumsaidia dukani.

“Mshahara wako unaishia kwenye nauli, baba,” alinitania. “Hata kuku wangu wanakula vizuri kuliko wewe.”

Hakukosea.

Tulifanya mazoezi na yule binti kwa kikapu kitupu, kikarukaruka mikononi mwake. Tukaweka jiwe bapa chini, buni juu yake. Uzito ukaituliza mikono.

Siku ilipofika, baba yake alisita mlangoni. “Akimwaga mbele ya wageni, je?”

“Tata, zikimwagika zitaokotwa,” binti akajibu. “Mimi mkinificha, nitaokotwa na nani?”

Mzee akampisha.

Alivuka sebule taratibu, kikapu kimetulia. Buni hazikumwagika. Lakini mshenga mkuu, mzee mwenye pupa, akazamisha vidole hadi chini.

“Waitu! Kahawa ya nyumba hii ina mifupa?”

Nikafumba macho. Nilikuwa nimesahau kumwambia binti awachotee wageni yeye mwenyewe.

“Hiyo ni ya washenga wanaokuja na mahari pungufu,” akasema binti. “Wewe tafuna za juu kwanza, tukusikilize.”

Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko. Baba yake akasimama, akamshika bega: “Ogu n’omwana wange.” Huyu ni mwanangu. Wageni walikuwa hawajawahi kuambiwa hivyo.

Niliporudi mjini, nilimwomba mjomba atafute mtu mwingine. Mshahara wangu bado ni mdogo, nami sikubali kwamba furaha ya kazi iwe kisingizio cha kutulipa kidogo. Ninadai vyote viwili. Ila jioni ile nilitembea kama mtu aliyeshinda vita.

Nawe msomaji, ninakuomba jambo moja: ukikaribishwa katika nyumba unayojua ina mtu mwenye ulemavu, usianze kutafuna kabla hujamuulizia.