Hedfoni Isiyo na Swichi ya Kuzima

Nimetengeneza redio, simu na tochi hapa Mbugangari, Gisenyi, kwa miaka mingi, na sijawahi kukidharau kifaa chochote kama ninavyoidharau ile hedfoni ambayo mama yangu aliletewa kutoka Ubelgiji. Redio zinazouzwa juu ya turubai kule Petite Barrière, penye mpaka na Goma, zile ambazo antena hukubakia mkononi siku ya tatu, naziheshimu zaidi. Zina swichi. Ukizizima, zinazimika.

Hedfoni ya mama haina. Siku ilipofika niliigeuza na kuigeuza nikitafuta pa kuzimia, mimi fundi, mpaka mama akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kulikuwa na kitufe cha kupandisha sauti, na kingine cha kuamua kelele za nje ziingie au zibaki huko huko. Cha kuzima hakuna. Walioichora waliona swichi inaharibu sura. Wakaamua kifaa kiwe na akili, kijue chenyewe saa ya kulala.

Aliyeituma ni kaka yangu mkubwa. Kwetu mkubwa wako unamwita yaya, awe wa kike au wa kiume. Siku hizi yaya anatuandikia ujumbe na mimi namsomea mama karibu na sikio, lakini wakati ule alikuwa bado anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada, simu ya picha. Mama alikuwa amepita miaka sabini na masikio yalikuwa yameanza kumtupa. Alimwona yaya vizuri kabisa kwenye kioo cha simu, ila maneno yalimfikia kama mafuta yanayokaanga. Yaya ni mtu ambaye ukimwambia una shida, anatuma kifurushi. Akatuma hedfoni ya bei ya aibu, ya chuma kinachong'aa, nzito kiasi kwamba mama alipoivaa mara ya kwanza alishika shingo.

Naomba nieleweke. Najua hakuna fundi anayepata vyote. Ukitaka sauti nzuri unakula umeme. Ukitaka betri kubwa, mzigo anaubeba mvaaji. Mimi mwenyewe kila siku dukani nachagua nini kipone na nini kife, simlaumu mtu kwa kuchagua. Lakini hawa walichagua kama watu ambao hawajawahi kuwa na mama. Uzito waliuweka kwenye chuma, si kwenye betri. Tundu la waya waliliondoa. Betri waliifungia ndani kwa gundi ili watu wa aina yangu wasiiguse. Na ukiichomeka kwenye umeme, inanyamaza mpaka ishibe, kwa hiyo hata ikikufia katikati ya maongezi huwezi kuitegemeza na chaji. Wakamaliza wakaiita kifaa cha daraja la juu.

Usingizi wake ndio kichekesho. Ulikuwa kwenye mfuko. Hedfoni ilikuja na mfuko laini wa rangi ya maziwa, wenye mkono wa kushikia, na ndani mwake wameficha sumaku. Hedfoni ikiingia humo ikaisikia sumaku, inalala kweli. Ukiiweka mahali pengine popote inafumba macho tu, huku inaendelea kunyonya betri na kuivizia simu. Niliipima mwenyewe mezani. Ndani ya mfuko ilikaa wiki nzima bila kupungua kitu. Nje ya mfuko ilijaa Alhamisi, Jumapili ikawa inapumua kwa shida.

Basi mama aliuona ule mfuko.

"Aka kasakoshi kako kazuri!" akasema. Sakoshi kwetu ni mkoba wa mwanamke.

"Mama, ile ni nyumba ya kaske," nikamwambia. Kaske ndilo jina alilokwisha kuipa hedfoni.

"Kaske iko na kabati. Nyumba ya pili ya nini?"

Jumapili iliyofuata alienda nao kanisani. Ndani alitia miwani, leso, na kile kikaratasi cha kuvukia mpaka, ambacho hakuwa na kazi nacho siku ya ibada lakini amezoea kutembea nacho tangu enzi za kuuza vitunguu Goma. Akina mama wa kwaya walimzunguka kumuuliza kanauzwa wapi. Alirudi nyumbani anatembea kama mke wa gavana. Nilitaka kumnyang'anya. Nilipomtazama usoni nikaacha, na sijui kama ule ulikuwa upendo au uvivu.

Hedfoni yenyewe ikawekwa juu ya kabati, kwenye kitambaa cha kufuma, katikati ya zile glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea. Kila mgeni alionyeshwa. Kila mgeni aliivaa, akasema "Mana yanjye!", yaani Mungu wangu, akaivua, na kila ilipovaliwa iliamka ikatafuta simu. Hivyo ndivyo tulivyoitunza.

Kwa kutolala betri ikachoka, na hata nikiichaji Jumamosi, ilianza kumfia mama Jumapili ya tatu. Yaya alikuwa anamuuliza kwenye kioo, "Mama, kaske inasikilika muzuri?" Mama aliona midomo yake tu. Lakini hilo swali alikuwa analijua, maana aliulizwa kila wiki.

"Iko muzuri sana, mwanangu. Nasikia kabisa."

Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake nikitikisa kichwa kuthibitisha. Kwetu mtu hamwambii aliyempa kitu kwamba kitu chake kibaya. Ukipewa maziwa yaliyochacha ugenini unayamaliza na kikombe unakishukuru. Nimelelewa hivyo na nazidharau hizo adabu, na bado nazifuata kama kila mtu. Hedfoni ikifa, nilichukua simu kwa haraka nikamwambia yaya mtandao unasumbua. Mtandao ulibeba dhambi nyingi nyumbani kwetu. Yaya, kwa upande wake, alifurahi kwamba kaske inafanya kazi, na furaha yake ikatukazia kamba shingoni.

Kisha ikaja Jumapili ambayo yaya alitangulia kuniandikia kwamba leo anataka kuongea na mama peke yake. Nilidhani ni mambo ya mke wake. Nikaisimamisha simu kwenye chupa ya chai, nikamvalisha mama hedfoni juu ya kilemba, maana kilemba havui, nikasubiri aone uso wa mwanawe, nikatoka nyuma ya nyumba kuchambua maharage. Mzaliwa wa kwanza akitaka kuongea na mama yake, wengine mnatoka. Hiyo pia ni adabu.

Niliporudi, mama alikuwa anamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Ni sawa. Mungu akubariki." Kwenye kioo yaya alikuwa anajifuta macho kwa kiganja. Akakata.

Nilichukua simu nikaona hedfoni haijaunganishwa tena. Ilikuwa imekufa muda mrefu, na sauti ilikuwa imerudi kwenye spika ya simu, na spika ilikuwa chini karibu na kimya, kwa sababu siku zote mambo yalipita kwenye kaske. Yaya alikuwa ameongea na chupa ya chai. Mama alikuwa na masikio mabovu, na juu ya masikio mabovu kulikuwa na vifuniko viwili vya sifongo vya kuzuia kelele. Hiyo kazi moja viliifanya vizuri sana.

"Amesema nini?" nikapaza sauti.

"Anasalimia batu yote," mama akasema, akaivua ile hedfoni na kuirudisha kwenye kitambaa chake.

Kesho yake asubuhi yaya alinipigia dukani. Sauti yake ilikuwa inakwaruza. Wiki kadhaa nilikuwa nimeisikia hivyo na kudhani ni baridi ya huko. Akaniambia ni uvimbe kooni, na kwamba watamkata wautoe, na kwamba madaktari hawamwahidi sauti. Anaweza kuamka bila sauti kabisa. Walikuwa wamempa njia mbili: wamkate Ijumaa ile ile, au asubiri wiki mbili, aje kwanza Gisenyi aongee na mama, kisha arudi wamkate. Kusubiri nako kulikuwa na hatari yake, si kubwa, lakini ipo.

"Nilimuuliza mama jana," akasema. "Nikamuambia, mama, wanikate tu, nisikuje kwanza? Akasema ndiyo, ni sawa. Hakulia hata. Mama ni mutu wa nguvu, kabisa."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ukweli. Nilikuwa na bisibisi mkononi na simu ya mtu imefunguka tumbo mbele yangu, na mimi niliyekuwa nimewadharau wahandisi wote wa Ulaya kwa wiki sita nikasema, "Ndiyo, yaya. Mama ni mutu wa nguvu."

Akakata simu. Niliketi pale nikajichukia. Mteja mmoja aliingia akaniuliza fundi yuko wapi, kama wanavyouliza wageni wakiona mwanamke, nikamwambia fundi amekufa. Kisha nikafunga duka saa nne ya asubuhi nikaenda nyumbani.

Mama alikuwa kibarazani na kale kasakoshi kametundikwa kwenye kiti.

"Mama, jana ulisikia nini?"

"Nilisikia."

"Mama!"

Akatazama barabarani. "Sikusikia kitu," akasema. "Ile kaske ilikufa wakati alisema bonjour."

"Na ulimwambia ndiyo! Ulimwambia ndiyo ya nini?" Nilikuwa napiga kelele, na si kwa sababu ya masikio yake.

"Nilikuwa naona uso yake," mama akasema. "Alikuwa anaomba kitu. Mutoto akikuomba na ule uso, utamuambia hapana?"

Akakunja mikono mapajani.

"Aliniomba nini?"

Nikamwambia. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia yote sikioni, koo, kisu, sauti, Ijumaa, njia mbili, na njia aliyomchagulia bila kujua. Alifungua kasakoshi, akatoa miwani, akaitazama, akairudisha.

"Na we ulijua ile kaske inakufaka?"

"Nilijua."

"Donc sisi batu wawili tulimudanganya," akasema. Alisema bila hasira, na afadhali angenipiga.

Dukani kwangu kulikuwa na spika ya kanisa moja la Busasamana, spika kubwa kama mbuzi, nimeshaitengeneza na wenyewe hawajaja kuichukua. Nilikuwa pia na simu yangu ya kazini, ya zamani, kioo kimepasuka, lakini ina tundu la waya. Nikamleta mama kwa pikipiki, nikamkalisha kwenye kiti cha wateja, spika imemwelekea. Nikachomeka waya upande mmoja na mwingine. Kazi ya dakika moja. Hapakuwa na kitu chochote kilichohitaji kuwa na akili.

Nikampigia yaya nikamwambia kabla sijaogopa tena, "Yaya, jana mama hakusikia hata neno moja. Kaske yako ni takataka. Tangu wiki ya tatu ni takataka, na tumekuwa tunakudanganya."

Pumzi yake ilitoka kwenye spika kama upepo.

"Lakini alisema ndiyo," akasema. Sauti ikajaa duka ikatoka nje.

"Aliona uso wako. Sasa muulize upya. Yuko hapa, anasikia. Na mtaa wote unasikia, unisamehe."

Mtaa wote ulikuwa unasikia kweli. Kwetu mambo ya nyumba husemwa kwa sauti ndogo na mlango umefungwa, na sasa koo la kaka yangu lilikuwa linatangazwa barabarani kwa spika ya kusifia. Cherehani ya jirani ilisimama. Watu wa pikipiki walisogea wakijifanya wanatafuta kivuli. Niliwatazama kwa dharau yote iliyokuwa imebaki, hawakuondoka.

"Mama," yaya akasema, "wanataka kunikata kooni. Pengine sauti haitarudia. Nikuje kwanza tuongee, ao wanikate Ijumaa?"

Mama akaitazama spika. "Sema tena," akasema.

Yaya akasema tena, polepole zaidi, akitenganisha maneno.

"Sema tena."

Mara ya tatu akaongeza mambo ambayo hayakuwa kwenye swali. Kwamba anakumbuka alivyokuwa anamsindikiza mama na vitunguu mpaka mpakani, na jinsi mama alivyokuwa anamwita kwa mbali kule sokoni. Sauti ilikuwa inakatikakatika. Nikadhani waya umelegea, nikaushika, haukuwa umelegea.

"Sema tena," mama akasema.

Nikanyoosha mkono nipandishe sauti. Mama akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, bila kunitazama. Hakuwa ameinama wala kutega sikio kama anavyofanya siku zote asiposikia. Alikuwa ameegemea kiti, macho amefumba.

Yaya alirudia mara ya nne. Alipomaliza, mama akafumbua macho.

"Bon. Nimesikia tangu mara ya kwanza," akasema. "Usingoje. Wakukate Ijumaa, upone. Sasa sema tena."

Akasema tena.