Mbeleko Aliyoinunua Mjomba Mansuri

Mansuri wa Kihonda, fundi wa kuchomelea mageti, mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko akili yake, na hilo hata mwenyewe hakulikataa. Mcheleweshe, utatukanwa. Mdharau, utalambwa kofi. Lakini ukimgusa dada yake Shadya, basi tena, jitafutie pa kukimbilia.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Huko kwao Kinole, mlimani, katika ukoo wao mjomba ndiye hutoa mbeleko ya kwanza, na mbeleko ni kitenge, nani asiyejua? Shadya alipojifungua, Mansuri, mjuaji, akaona kitenge ni ushamba. Akaagiza mtandaoni kibebeo cha mikanda na vifungo vya plastiki, kimebandikwa nembo ya Ulaya. Muuzaji, kijana aitwaye Frank, aliapa ni orijino. Kilipofika mlimani wanawake wakapiga vigelegele: "Mjomba wa mjini huyo!" Mansuri akavimba kichwa.

Asubuhi moja Shadya alikuwa anateremka shambani, mtoto mgongoni. Kifungo kikakatika, pwaa! Mtoto akabiringika kwenye mteremko, akagonga jiwe, paja likavunjika. Shadya akampigia kaka yake, hawezi kusema, analia tu, na nyuma yake mtoto anapiga ukelele ambao Mansuri hajawahi kuusikia.

Akatupa chini miwani ya kuchomelea. Akampigia Frank, akajifanya mteja, wakapatana wakutane stendi ya Kihonda. Frank akaja na mfuko wake, meno nje.

"Karibu sana, bro..."

Ngumi ikamkatiza. Pua ikapasuka. Likafuata teke la mbavu, Frank akaangukia mfuko wake.

"Kaka, naletewa tu! Sikutengeneza mimi!"

"Umeua mtoto wetu, mshenzi wewe!"

Mtoto hakufa, jamani! Mansuri alijua hivyo vizuri. Hasira ndiyo iliyosema. Lakini ukitamka stendi kwamba fulani ameua mtoto, nani atakuuliza ushahidi? Likaja jiwe, likaja tofali, ikaja nondo. Mtu akaburuta tairi.

Hapo ndipo Mansuri alipozinduka. "Acheni! Mtoto yupo hai! Nimesema uongo!" Nani amsikie? Akamlalia Frank, amkinge kwa mwili wake. Naye akapigwa, mdomo ukajaa damu. Chini yake alimsikia Frank akimwita mama yake, kisha hakumsikia tena.

Polisi walipofyatua risasi hewani watu walitawanyika, wa kwanza kukimbia ni yule wa nondo. Mansuri akamtikisa Frank. Akamtikisa tena. Wapi!

Simu ikaita mfukoni. "Kaka," alisema Shadya, "mguu wameshaufunga. Amenyonya, amelala. Daktari anasema utaunga tu. Usiende kugombana na mtu, nakujua wewe."

Askari alikuwa ameazima kanga kwa mama ntilie na kumfunika nayo Frank, uso na vyote. Akawageukia watu waliobaki.

"Nani aliyesema huyu kaua mtoto?"

Kila mtu akatazama chini. Mansuri akakata simu, akatema damu.

"Ni mimi," alisema. "Na mtoto yupo hai."