Pikipiki ya Mkenya wa Rutamba

Siku yangu ya kwanza kazini Lindi nilichelewa kwa saa tatu, na sababu ilikuwa pikipiki. Nilitoka nayo kwetu Nakuru, nikaipakia kwenye lori hadi Dar es Salaam, kisha nikaiendesha mwenyewe kwenda kusini, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye cheti cha ufundi wa majokofu na kiburi cha kutosha. Nilipofika Mchinga mnyororo ukakatika. Lindi niliingia juu ya lori la nazi, nimeishikilia pikipiki kwa mikono miwili isianguke.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Mratibu wa Chanjo, mtu mzima mwenye miwani, asiyejua kupandisha sauti. Alitoka nje, akaizunguka pikipiki, akasoma namba zake za Kenya.

"Hii umepewa na ofisi au ni ya kwako?"

"Ni yangu mwenyewe, mzee."

"Basi pole. Majokofu tutakusaidia. Hilo lako, sijui."

Vijana mliozoea majokofu ya umeme wa jua huenda msiamini, lakini siku hizo tulitunza ubaridi kwa moto. Jokofu la zahanati lilikuwa na taa ya mafuta ya taa chini yake, na joto la taa hiyo ndilo lililosukuma dawa ya ubaridi kwenye mabomba. Utambi ulikatwa sawasawa kwa mkasi, mwali ukawa wa buluu. Ukiwa wa njano, masizi huziba bomba la moshi na jokofu halipoi ndani. Jokofu lenyewe lilisimamishwa kwa pimamaji, maana likiinama kidogo haligandishi hata maji. Chanjo zilitakiwa kukaa kati ya nyuzi mbili na nane, mchana na usiku, na kati ya kituo na kituo nilizibeba kwenye boksi baridi lenye vipande vya barafu pembeni. Nilipangiwa kuishi Rutamba na kuhudumia zahanati za huko, kutoka Mchinga hadi Nyangamara.

Kazi niliipenda tangu mwezi wa kwanza. Pikipiki ndiyo iliyonizeesha. Mnyororo wa saizi yake haukupatikana Lindi wala Mtwara. Niliagiza ringi za pistoni kutoka nyumbani, zikaletwa brekishu. Kwa kuwa ilikuwa na namba za kigeni, kila baada ya miezi michache ilibidi nifuatilie kibali cha kuendelea kukaa nayo nchini, na siku hiyo hakuna jokofu lililotazamwa. Barabarani nilisimamishwa, namba zikasomwa, nikaambiwa karibu Tanzania. Niliambiwa karibu hata mwaka wa sita.

Aliyeniokoa ni Bakari, fundi pikipiki wa Rutamba, wa rika langu, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko spana. Alichukua vipuri vya pikipiki nyingine akavichonga hadi vikaingia.

"Chuma ni chuma, Mkenya," aliniambia. "Kikikataa, tunakibembeleza kwa tupa. Ila wewe, ukija tena hapa kwangu useme naomba. Leta, leta, leta! Kwani mimi mtumwa wa babu yako?"

Nilikuwa siujui bado utani, nikadhani ananitukana.

Kero iliyonichosha kuliko zote ilikuwa watu. Mjamzito alipelekwa hospitali kwa pikipiki yangu. Bibi harusi alitolewa nayo. Mbuzi alipanda, shehe alipanda, magunia ya korosho yalipanda. Wala hawakuniuliza kama naweza kuwaazima. Walisimama mlangoni wakasema, "Pikipiki yetu ipo?" Yetu! Nilimlalamikia Bi Somoe, mama mwenye nyumba niliyopanga, nikamwambia kwetu mtu na chake. Akaendelea kuchambua mchele.

"Mwanangu," alisema, "hapa mwenye kitu peke yake ni wewe tu. Huchoki?"

Mwaka wa tatu Nesi Zuhura, mfawidhi yaani mkuu wa zahanati ya Rutamba, akafiwa na mama yake. Nilikuwa njiani kwenda Nyangamara na boksi la chanjo nyuma ya kiti, nikaona si vizuri kupita msibani bila kuzika. Nikaegesha uani, nikafuatana na wanaume makaburini. Tuliporudi, pikipiki haikuwepo. Boksi halikuwepo.

Nilizunguka uani mara mbili. Akilini niliwaona watoto wa Nyangamara na mama zao wakiwa wamekaa chini tangu asubuhi wakinisubiri, na barafu yangu ikiyeyuka mahali nisipopajua. Na watu pale msibani walikuwa wanacheka.

"Imerithiwa!" mmoja akanipigia kelele. "Kalete kuku uikomboe!"

Nikamwona Bakari barabarani, amejitanda khanga ya marehemu, amevaa helmeti yangu, anaisukuma pikipiki kwa maringo ya bibi kizee. Nilimfuata nikamwita mwizi mbele ya watu wote.

"Mwizi wewe!" akajibu kwa sauti ya kike, wafiwa wakazidi kucheka. "Marehemu kaniachia mimi. Hii pikipiki alikuwa anaipenda kuliko wewe unavyoipenda!"

Niliomba kupakiwa kwenye baiskeli hadi kituo cha polisi. Polisi wakaja wakamchukua Bakari kutoka msibani, khanga ya marehemu ikiwa bado mabegani mwake. Kicheko kilikatika.

Nesi Zuhura ndiye aliyenifuata. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, na siku hiyo hakupaswa kushughulika na mtu yeyote. Alinipeleka zahanati, akafungua jokofu. Chanjo zote zilikuwa ndani, zimepangwa.

"Alizileta kabla hajaigusa pikipiki yako," alisema. "Aliniambia utani ni wa chuma, si wa dawa za watoto."

Nilirudi kituoni mbio kufuta maneno yangu, lakini maneno yakishaandikwa yana taratibu zake, na Bakari hakutoka hadi kesho yake. Mratibu alifunga safari kutoka Lindi kunifuata. Hakupandisha sauti hata siku hiyo.

"Ukoo wa Bakari na ukoo wa marehemu ni watani tangu mababu," alisema. "Watani ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaopika, ndio wanaowachekesha wafiwa wasizame kwenye majonzi. Wakiteka kitu, wanateka cha nani? Wanateka cha mtu wao. Mgeni hatekwi kitu. Walishakuhesabu kuwa mmoja wao, bwana, na wewe ukawaitia polisi."

Nilimwomba Bakari radhi mbele ya wazee, akanipa mkono. Aliendelea kunitengenezea pikipiki, tena vizuri. Lakini hakuniita tena Mkenya. Aliniita bwana. "Tayari, bwana. Safari njema, bwana." Na mlangoni kwangu hakuna aliyekuja kuuliza kama pikipiki yetu ipo. Wajawazito walitafutiwa baiskeli. Nilikuwa nimepata nilichokuwa nakililia miaka mitatu, mtu na chake, na kilikuwa kichungu.

Mwaka uliofuata nikaletewa habari kwamba mama yangu amefariki Nakuru na ameshazikwa. Bi Somoe akatandika majamvi uani, na Rutamba yote ikaja. Walinipa pole kwa maneno mazuri, walikula kimya, waliondoka kwa adabu. Bakari alikuja, akakaa kidogo, akasema Mungu amrehemu, akaaga. Pikipiki niliiegesha karibu na njia, ufunguo nikauacha palepale makusudi. Jioni nilikuta hakuna aliyeigusa.

Nikalia. Nilimlilia mama, na niliililia pikipiki iliyokataliwa.

"Msamaha alishakupa," Bi Somoe aliniambia. "Utani ni kitu kingine. Hauombwi, baba. Unafanywa."

Sikumwelewa mpaka baba yake Bakari alipofariki, mwaka mmoja baadaye. Nilichimba kaburi pamoja na watani wao hadi viganja vikachubuka. Tulipotoka makaburini nikawatangulia mbio. Niliingia kwenye kibanda cha Bakari, nikavaa bwelasuti lake la kazi lenye oili, likaniishia magotini, nikabeba sanduku lake la spana hadi katikati ya uwanja wa msiba, nikalikalia.

"Nimerithi!" nikapiga kelele. "Marehemu kaniachia karakana! Kuanzia leo Bakari akitaka tupa aje aseme naomba!"

Wapishi wakageuka na miiko mikononi. Bakari alisimama mbele yangu na uso wa mtu aliyetoka kumfukia baba yake, akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye magoti yangu yaliyo wazi.

"Jamani," akasema taratibu, "mwiteni polisi."

Bibi mmoja aliangua kicheko hadi akakaa chini, na uwanja mzima ukamfuata. Bakari alicheka, kisha kicheko kikageuka, akanilalia begani akalia kilio ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimemgoma. Nilimshika. Sanduku walilikomboa kwa kuku mmoja kilema.

"Ungesema naomba," aliniambia akipangusa macho, "ungepewa jogoo, Mkenya mshenzi wewe."

Wiki hiyohiyo mtu alisimama mlangoni kwangu alfajiri akauliza kama pikipiki yetu ipo.

Nilifanya kazi chini ya waratibu wengine watatu. Nikamwoa mpwa wa Bi Somoe, tukazaa, tukazeeka. Majokofu ya mafuta ya taa yalitolewa moja baada ya jingine, na lile la mwisho nililizima mwenyewe Nyangamara, nikasimama nalo kidogo kabla halijabebwa. Mkinialika kuwafundisha vijana wa leo, nawaambia mwali wa buluu na pimamaji wanaweza kuvisahau. Kujua lini kitu kimeibwa na lini umepewa heshima, hilo wasilisahau, na mimi lilinichukua miaka mitano.

Pikipiki ilipata namba za Tanzania hatimaye, ingawa siku hizi haifiki hata sokoni. Imeegeshwa barazani. Kila Ijumaa baada ya swala Bakari anapita, anaibonyeza tairi, ananiuliza, "Wewe bado upo tu?" Namwambia nipo, asubiri. Ufunguo nimeutundika kwenye msumari wa mlangoni anapouona. Mke wangu na wanangu nimeshawaagiza: siku hiyo mkitoka makaburini mkamkuta ameipanda, amevaa kanzu yangu, anapayuka kwa sauti ya Kikenya, mwacheni azunguke nayo Rutamba yote, na asiwepo wa kumwita mwizi.