Nilikuwa mgonjwa wa kuigiza chuo cha afya Mbagala, AI ikaja kuchukua kitanda changu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya niliyaona mwenyewe, sijatia chumvi.

Nilitoka Mpanda nikiwa kijana, nikapita Chunya, Tunduru, Masasi, maisha yote juu ya malori. Hadi leo nakumbuka harufu ya mvua ya kwanza kule Tunduru.

Mbagala nilishushwa na lori la korosho. Nikapanga chumba kwa mjane mmoja, tumwite Mama Zai.

Na form four yangu nikapata kazi ya ajabu: kuigiza ugonjwa chuo cha afya. Unalala kitandani, wanafunzi wanakuhoji, mwalimu anawapa maksi.

Madam, mwalimu wetu, alikuwa anatusisitizia, "Msiwaambie kirahisi. Ficheni kama watu wanavyoficha." Anayeuliza juu juu, anafeli.

Baadaye chuo kikaleta mgonjwa wa AI kwenye kompyuta. Unamwandikia swali, anamwaga kila kitu kwa mpangilio. Hachoki, haombi nauli. Wenzangu wakaondolewa, mie nikabakizwa kulinda geti.

Siku moja Mama Zai akaanza kuhema, kifua kinambana. Nikampeleka zahanati. Tukamkuta Kelvin, mwanafunzi wa chuoni kwetu, yupo fild kwa mafunzo ya vitendo.

"Shikamoo mama. Unajisikiaje?"

"Marahaba baba. Sijambo, ni uchovu tu."

"Kifua kinauma?"

"Aa wapi, mwanangu!"

Nikadakia, "Dokta, anaficha huyu. Jana hakulala."

"Braza, mgonjwa ni wewe au yeye?"

Mama akanifinya. "Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake."

Tukapewa panadol. Kesho yake hakuamka.

Simlaumu Kelvin peke yake, wakuu. Msibani alilia kuliko ndugu wa marehemu. Akaniambia, "Yule wa kwenye kompyuta ukimuuliza, anasema."

Hapo ndipo nilipojifunza: watu wetu wanaugua kwa adabu. Wanaona aibu kumsumbua hata anayewatibu. Mashine haikuwa imefundishwa hilo, na wanafunzi wakajifunzia kwake.

Madam akanifuata getini. Akasema wanataka mgonjwa wa AI naye awe anaficha, nimsimulie jinsi Mama Zai alivyokuwa anajibu. Nikaona itaokoa mwingine. Nikasimulia, naye akayaingiza kwenye kompyuta.

Nikaja kupita nje ya chumba cha kompyuta, nikasikia vicheko.

"Bibi mbishi huyu! Muulize tena kifua!"

Mmoja akasoma jibu kwa sauti: "Aa wapi, mwanangu!"

Nikashika nondo za dirisha. Alikuwa yeye kabisa, na waliokuwa wanacheka hawakujua kuwa tumemzika.

Siku hiyohiyo nikakabidhi funguo za geti, nikadandia lori la Songea. Dar sijarudi.

Kelvin ananiambia siku hizi wanafunzi wanauliza mara tatu kabla ya kuamini. Ni jambo jema, silipingi. Ila mie pale siwezi.

Mlio vyuoni, kwenu mnajifunzia kwa watu au kwa mashine? Na angekuwa mama yako, ungekubali aingizwe mle? Semeni, nasoma zote.