Mapiramidi Niliyomwahidi Nyanya

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwahidi nyanya mapiramidi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kuhusu magofu nilikuwa nimesoma kitabu kimoja tu, kitabu cha Wamaya kisicho na jalada, nilichokiokota kwenye boksi la vitu vya kutupwa nje ya saluni ya jirani yetu hapa Yeoville. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya Jumapili alipotangaza kwamba Jumamosi wamama wa kanisa na watoto wao watakwenda kuona magofu ya kale, kwenye vilima vya kusini mwa jiji, tena pamoja na mtu wa kutuongoza, sikuuliza swali hata moja. Nilikimbia nyumbani kumweleza nyanya yote: ngazi za mawe zinazopanda hadi juu ya miti, uwanja ambamo wafalme walicheza mpira, kalenda iliyochongwa kwenye mwamba. Nyanya alinisikiliza, akayatazama magoti yake, akaniuliza kama ngazi hizo zina mahali pa kushika.

Juzi nilirudi kule na wenzangu wa kazini. Siku hizi kuna uzio, na kibao chenye maelezo ambayo hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Nilipoziona zile kuta fupi, zile zile, nilicheka peke yangu, halafu hasira ikanipanda upya kana kwamba ni jana. Ngoja nikueleze, utanielewa.

Nyanya alitoka Uvira akaja kuishi nasi nilipokuwa mdogo, ili anilee wakati mama anasuka nywele za watu. Tangu zile vurugu za kuwapiga na kuwafukuza wageni, zilizoanzia mtaa wa Alexandra, alikuwa hapiti soko letu la karibu. Alikaa dirishani kwetu, ghorofa ya tano, akichambua sombe, majani yake ya muhogo, na kuitazama barabara kama mtu anayesubiri gari ambalo halina jina lake. Kila tulipokula alirudia maneno yaleyale: "Nchi hii mimi sijaingia. Niko mlangoni tu. Hakuna mtu wa hapa aliyeniambia, mama, pita ndani, hii ndiyo nyumba yetu." Mama akisikia hivyo aliacha kula. Shangazi kule Uvira alikuwa amekwisha kumwandalia chumba, na nyanya alikuwa amesema baada ya Pasaka ataamua: kubaki au kurudi.

Mimi nililala kitanda kimoja naye. Nilijua akigeuka mara ngapi kabla ya kupata usingizi. Nikaamua kwamba safari ile ndiyo itakayombakisha. Mtu hawezi kuona piramidi halafu akakimbilia Uvira. Wiki nzima alifanya mazoezi kwenye ngazi za jengo letu, maana lifti ilikuwa imekufa zamani, akipanda polepole na kujipaka dawa ya magoti, na kila aliyempita alimwambia kwamba mjukuu wake anampeleka kwa wafalme.

Kulikuwa na jambo jingine. Katika kanisa letu, mhubiri akisema kwa Kifaransa au Kiingereza, mkalimani husimama kando yake na kurudia kila sentensi kwa Kiswahili, kwa sauti ileile na mkono uleule. Mhubiri akipiga kelele, naye hupiga kelele. Mhubiri akilia, naye hutafuta machozi. Na kanisa humjibu yeye "Amina", siyo mhubiri. Niliiona ile kuwa kazi kubwa kuliko zote duniani, na nilikuwa nikiifanyia mazoezi mbele ya kioo. Jumamosi ile mkalimani wetu alikuwa na zamu ya ulinzi kule mtaa wa Observatory, basi mwalimu akanichagua mimi nimtafsirie huyo kiongozi wa safari. Mimi, niliyezaliwa hapa, niliyezungumza Kiingereza shuleni na Kizulu mtaani, na Kiswahili changu, nje ya kile cha mezani na nyanya, nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kutoka kwenye mahubiri. Nilijua kusema utukufu na maangamizi. Sikujua ndama anaitwaje.

Tulichelewa, bila shaka. Teksi tuliyoikodi, basi dogo la abiria, ilisimama mbele ya kanisa asubuhi nzima huku wamama wakipakia masufuria ya ugali wa fufu, sombe, na dagaa wanaowaita ndagala, na mimi nimesimama kando na shati langu jeupe.

"Eish, mama," dereva alisema, "hii ni teksi, siyo jikoni."

"Papa, weye endesha tu," akajibu mama wa saluni, yule jirani yetu. "Ukisikia harufu yake njiani, utaniita mama vizuri."

Kila roboti, kama tunavyoziita hapa taa za barabarani, ilipowaka nyekundu, walianza wimbo mpya, na ikiwaka kijani waliuacha katikati. Nilitaka kulia. Nyanya alinishika mkono njia nzima, amevaa viatu vipya vya mpira, na macho yake yalikuwa kwenye vilima.

Kiongozi alikuwa Mtswana wa makamo mwenye kofia pana na fimbo, mtu wa maneno machache. Tulipanda nyuma yake kwenye majani makavu mpaka akasimama na kusema tumefika. Nikatafuta ngazi. Nikatazama juu, nikatazama nyuma ya vichaka. Mama mmoja aliuliza, "Sasa hayo magofu yako wapi?" na wakati huo alikuwa ameyakalia. Zilikuwa duara za mawe yaliyopangwa bila saruji, zimefika magotini, majani yameota katikati. Basi.

Kiongozi alivua kofia kidogo akasema hapa ni nyumbani kwa watu wake wa zamani. Huu ulikuwa mlango. Karibuni, piteni ndani. Akanitazama ili nitafsiri. Nikaona uso wa nyanya, unatafuta piramidi kwa adabu. Nikainua mkono kama alivyoinua yeye, nikasema kwa sauti ya kanisani, "Hapa ndipo wafalme wakuu walipoketi katika utukufu wao."

"Amina," wakajibu wamama.

Baada ya hapo sikuweza kujizuia. Akisema hapa walilala ng'ombe, mimi nasema hapa wafalme walicheza mpira mbele ya mataifa. Akionyesha jiwe la kusagia mtama, mimi nasema hii ni kalenda, walijua siku za jua na mwezi. Yeye alisema maneno matano, mimi nilisema hamsini. Wamama waliitikia, na yule mtu alianza kunitazama pembeni, maana sidhani kama jiwe lake la kusagia liliwahi kupigiwa makofi.

Mama wa saluni ndiye aliyenikamata.

"Mutoto," akasema, "Kiingereza changu ni cha kusuka tu, lakini ng'ombe namujua. Huyu papa anasema ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Kwako inatoka mufalme, mufalme. Hao ng'ombe umewapeleka wapi?"

"Amewauza," mwingine akasema.

"Kwa wafalme," akamalizia wa tatu, na wakacheka hadi wakashikana mabega.

Nyanya hakucheka. Alinisogelea, akaniuliza polepole, "Pale mwanzo, alipovua kofia, alisema nini? Niambie maneno yake. Yako nimeyasikia."

Nilitamani ardhi inifiche, lakini nikamwambia. Amesema hapa ni nyumba ya watu wake. Amesema huu ndio mlango, tupite ndani.

Nyanya alilitazama pengo la ukutani. Kisha, bila kumwambia mtu yeyote, akatoka. Tulikuwa tumeingia kwa kuruka ukuta, kila mtu alipopata nafasi, kama mbuzi. Yeye alizunguka taratibu mpaka nje ya lile pengo la mlango, akavua viatu vyake vipya, akavishika mkononi, akasema, "Hodi."

Kiongozi akaniuliza anasema nini. Nikamwambia anaomba ruhusa ya kuingia kwako. Yule mtu alivua kofia kabisa. Alisema, "Karibu, Gogo, ingia," akimwita bibi kama wanavyoitwa hapa, na nikasema maneno hayohayo, bila hata moja la kuongeza, na nyanya akapita.

Basi na wamama wote wakaona aibu, wakatoka, wakapanga foleni mlangoni. Mmoja mmoja. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Kule chini dereva alipiga honi, jua lilinichoma utosi, na mimi nimesimama pale natafsiri neno karibu mpaka likapoteza maana. Hata leo nikikumbuka foleni ile nachoka.

Nyanya aliuliza maswali ya mwenye nyumba. Moto mliwasha wapi. Nani alikamua. Ng'ombe wadogo walilala na mama zao au mbali? Nilipokwama alinipa neno, ndama, nikaendelea. Mwisho aliuliza walikwenda wapi. Kiongozi alisema vilikuja vita, wakafukuzwa, wakatawanyika, na wajukuu wao leo wanapita kwenye barabara kuu ile pale bila kujua.

"Mwambie pole," nyanya akasema. "Mwambie na sisi vilevile."

Tulikula nje ya ukuta, maana nyanya alikataa katakata mtu aingie kwa watu na sufuria lake mwenyewe. Kiongozi alikula ndagala kwa mikono. Dereva alimwita mama wa saluni "mama" mara nyingi, na akaongezewa.

Tukiwa njiani kurudi nilikuwa mtu mwenye furaha. Nyanya alikuwa akitazama nje na kutabasamu, na mimi nilihesabu kwamba nimeshinda, hata bila mapiramidi. Kisha akasema, "Sasa ninaweza kwenda."

"Kwenda wapi?"

"Kwetu. Mtu haagi nyumba ambayo hajaingia."

"Lakini umependa, nyanya. Umesema umependa."

"Nimependa sana. Ndiyo maana nitaaga vizuri."

Sikuzungumza naye mpaka kesho yake. Nilikasirika naye, na yule mtu na kofia yake, na mawe, na zaidi ya yote na mdomo wangu, ambao ulikuwa umefanya kazi vizuri mara moja tu, na mara hiyo ndiyo iliyomwondoa. Baada ya Pasaka alirudi Uvira. Alizikwa huko miaka mitatu iliyopita, na mimi nilisikiliza maombi kwa simu.

Ukumbi wa kanisa letu sasa unauza friji za mitumba. Mama wa saluni alihamia Durban. Watoto wa wale wamama tukikutana tunaongea Kiingereza, na ukimwambia mmoja wao "hodi" anajibu kwa kicheko, kama umemwigizia mtu wa zamani. Nyimbo zile zilizokatishwa na roboti, sikumbuki hata mmoja ulivyoishia, na sijui nani wa kumuuliza.

Siku hizi natafsiri kwenye kliniki, kwa Wakongo, Warundi na Watanzania wasiojua Kiingereza. Bado ninaogopa kukosea. Lakini daktari akisema jambo baya nalisema lilivyo, na nikikosa neno ninamuuliza mgonjwa anipe.