Mwanya Nilioziba Ishiara

Shughuli ile nzima ilitugharimu popo mia mbili na kumi na mmoja. Mara ya kwanza nilihesabu nikapata mia mbili na tisa. Nikarudia, na hesabu ya pili ndiyo ninayoiamini, kwa sababu watoto wawili walikuwa wamefunikwa na mbawa za mama zao.

Kabla ya hapo ilikuwa harufu tu. Ghala letu la Ishiara lilijengwa kwa mawe na kuezekwa mabati, na kati ya mabati na dari ya mbao waliishi popo wadogo, wale wa kula wadudu. Ukifungua mlango asubuhi, mkojo wao ulikupokea kabla ya ndengu, zile choroko tulizohifadhi humo. Jioni walitokea kwenye tundu la nje, juu karibu na kilele cha paa, na hatukugombana. Lakini nilipokuwa darasa la tano jua lilizidi, wakaanza kushuka mchana. Walipenya kwenye mwanya kati ya dari na ukuta, wakajibana kwenye mawe yenye ubaridi, wakachafua magunia yaliyokuwa chini yao. Mnunuzi alitumbukiza mkono katika gunia moja, akaunusa, akaenda kwa jirani. Ndengu zile ndizo zilikuwa karo yetu.

“Maitu,” mama aliniambia; aliniita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. “Leo utaziba ule mwanya.”

“Nikiziba, nisitumwe maji wiki mbili.”

“Siku tatu.”

“Kumi.”

“Hata mnunuzi hanichoshi hivi. Saba, na uzibe na huo mdomo.”

Nilikandika udongo na matambara kona hadi kona, kisha nikarudia, maana sipendi kazi ya kurudishiwa. Tulijiambia watakaa juu na kutoka jioni kama kawaida. Hakuna aliyejiuliza kwa nini walikuwa wakishuka.

Siku ya nne hewa ilisimama. Kuku walilala midomo wazi. Saa nane tukasikia kucha darini, nyingi, zikienda ukutani na kurudi, zikienda na kurudi. Sikuweza kukaa. Nilitoka, nikaingia, nikatoka tena. Popo walikuwa wakitokea tundu la nje juani, wakiruka kidogo na kuanguka. Nilipanda juu ya magunia nikaanza kubandua udongo kwa kucha zangu. Ulikuwa umeshika vizuri, nilikuwa fundi. Mama akaleta jembe. Mwanya ulipofunguka ilitushukia hewa ya moto, na popo wawili tu waliokuwa hai. Wengine tuliwakusanya kwa uteo, darini na uani.

“Kumbe walikuwa wanakuja kwetu kupoa,” mama alisema. Hakunilaumu. Siku tatu zangu za maji zilizobaki sikuzidai.

Sasa nina nyumba ya kupangisha Siakago, ya mabati vilevile, na joto la mwezi wa pili siku hizi halingoji mwezi wa pili. Popo wamo darini, wengi wamebeba watoto, na wiki hii wameanza kushuka ukutani katika chumba cha mwalimu aliyepanga.

“Mwalimu, ni wadogo tu,” nilimwambia.

“Mama, hata mimi nina mtoto mdogo.”

Amenipa hadi Jumamosi: wao au yeye. Zamani hatukujua; sasa najua, na kujua kumeniongezea kazi tu. Mwenye kufahamu jinsi ya kuwapa popo ubaridi mbali na kitanda cha mtu, naomba anishauri kabla ya Jumamosi.