Kinoti na Gari Lisilotaka Uzito

Kinoti alikuwa na nyumba Pickering, mji wa ughaibuni wenye baridi kali, na nyumba ilikuwa na gereji, na gereji ndiyo iliyomponza. Zamani, walipokuwa bado wakiishi kwenye ghorofa kule Etobicoke, uraibu wake ulikuwa salama: alikaa kwenye kochi akitazama video za wanaume wengine wakiunda magari. Mkewe, Kemunto, alidhani hayo yangepita kama yalivyopita masomo ya gitaa. Lakini ukimpa mtu wa aina hiyo chumba chenye mlango mpana na sakafu ya saruji, usishangae.

Gari lililetwa na lori likiwa vipande ndani ya makreti, kama kabati la kujiunganishia nyumbani, ila hili lilikuwa na injini. Lilikuwa gari la michezo, fupi, la viti viwili, mwili wake wa faibaglasi, chini sana hivi kwamba ukisimama kando yake unamwona dereva utosini. Kinoti aliliunganisha majira ya baridi baada ya majira ya baridi. Gari la familia, lile la kuwapeleka watu kazini na kanisani, lilihamia nje. Kemunto ni muuguzi, na zamu zake huanza asubuhi na mapema. Alikuwa akitoka na kikwangulio chake, anakwangua barafu kwenye kioo huku pumzi inamganda puani, na nyuma ya mlango wa gereji hita inavuma taratibu ili faibaglasi isipate baridi.

Tusimnyime haki yake. Alipomaliza, gari liliwaka, likanguruma, likapinda kona kama lilivyoambiwa. Mkaguzi wa magari alilizunguka, akaingia chini yake, akalipitisha, likapewa nambari. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kuliendesha. Kinoti alilirudisha gereji akaanza kulipunguza.

Maana alikuwa amepata imani mpya. Imani hiyo inasema gari bora si lenye nguvu nyingi bali lenye uzito mdogo, na kwamba kila kitu kisichosaidia mwendo ni dhambi. Basi akatoa zulia. Akatoa hita. Akatoa paa la turubai na vyuma vyake. Kioo cha mbele akakibadilisha kwa kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa sinia, na waipa za kufutia mvua zikaondoka pamoja na kioo hicho. Alinunua bolti za titani, madini mepesi ya bei kali, na kila moja akaipima kwenye mizani ya jikoni ya Kemunto kabla ya kuifunga. Melissa, binti yao, alipoonja keki yake ya siku ya kuzaliwa alisema kwa Kiingereza, kwa sababu huwa hajibu kwa lugha nyingine, kwamba ina ladha ya petroli. Mahali pengine palipokuwa na chuma aliweka alumini, na palipokuwa na alumini alitoboa matundu. Alijivunia matundu hayo. Ukimtembelea, kabla hujapewa chai, ungeonyeshwa tundu.

Jambo moja tu hakulipima. Kinoti ni mtu wa nyama choma na chapati, na mwili wake unamshuhudia. Siku moja baada ya ibada, akiwa anatueleza namna alivyookoa uzito kwa kubadilisha kifuniko cha tangi, Samson alikoroga chai yake akasema kwa ule upole wa Kitanzania, "Kaka, ukipunguza sukari kwenye hicho kikombe, hata uzito wa tangi lenyewe utauokoa." Samson anaishi Kingsview Village, kwenye ghorofa za Barabara ya Dixon, na ni rafiki yake wa tangu zamani. Kinoti hakucheka. Alisema uzito wa dereva hauhesabiwi, kwa sababu dereva ni lazima.

Na ukitaka kujua mtu huyu anafanya kazi gani, yumo kwenye kampuni moja ya bima katikati ya jiji. Kazi yake ni kukadiria hatari. Wanamletea takwimu, naye anasema nani ataungua, nani atazama, nani atagonga.

Mwezi wa tano mama yake Kemunto alipata viza. Anaitwa Bosibori, mjane kutoka Kisii, mama wa kanisa, mnyoofu wa mgongo, na hakuwa amewahi kupanda ndege. Siku ya kuwasili kwake Kemunto alikuwa zamuni na hakupata wa kumshikia nafasi, hivyo akaenda kazini kwa gari la mwenzake akamwachia mumewe lile la familia. Aliacha funguo mezani, koti la joto la kumvalisha mama, na chai kwenye chupa. Alimsihi asichelewe.

Kinoti hakuchelewa. Alitoka mapema kabisa. Ila ilikuwa siku ya jua, ya kwanza yenye joto la kweli mwaka huo, na njia ya kwenda uwanja wa ndege ni barabara kuu ya 401 tangu mwanzo hadi mwisho. Akatazama funguo za mezani, akatazama mlango wa gereji. Baadaye alimweleza Samson kilichompitia akilini: kwamba mama mkwe, tangu siku ya mahari, alikuwa anamwona kama kijana wa Meru anayekaa mbele ya kompyuta. Sasa angemwona mwanamume aliyeunda gari kwa mikono yake. Masanduku hayakumsumbua. Alimpigia Samson, ambaye yuko jirani kabisa na uwanja, aje na gari lake la familia kubeba mizigo. Koti na chai vilibaki mezani, kwa kuwa gari halikuwa na pa kuviweka.

Bosibori alitoka mlangoni akiwa amevaa kitambaa kichwani na suti ya kitenge, akisukuma toroli yenye masanduku mawili. Samson alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa furaha, akasema watoto wa siku hizi hawaamkii hivyo. Kinoti akamsalimu kwa heshima, kwa umbali unaotakiwa, kisha akawaongoza hadi sehemu ya kuegesha magari, akasimama kando ya kazi yake akiwa amekunja mikono.

Mama alilitazama gari toka mbele hadi nyuma. Aliuliza lililobaki liko wapi.

Kinoti alieleza kwamba hilo ndilo lote, kwamba ameliunda mwenyewe, na kwamba kiti kile cha kulia ni chake mama. Mama akasogea akachungulia ndani. Viti vile viwili vimekaa kama mayai kwenye trei; akikaa abiria, bega lake liko kwenye bega la dereva, na kila dereva akibadilisha gia mkono wake unapita kwenye goti la abiria. Kwa Wakisii, mama na mume wa binti yake wana mpaka wao. Hawaketi kitanda kimoja, hawagusani hovyo, hawapishani mlangoni bila mmoja kurudi nyuma. Kinoti alifundishwa hayo yote siku alipokwenda kuchumbia, na aliyasahau yote alipokuwa akipanga viti.

"Baba Melissa," mama alisema, "mimi na wewe hatuwezi kuingia humo."

Kinoti akaanza kueleza juu ya mikanda ya kiti, kwamba ni ya mbio, ina pointi nyingi za kufunga. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia Samson akamuuliza, kwa sauti ile ile ya adabu, kama gari lake lina nafasi. Samson alishafungua mlango. Alimpa na blanketi la watoto wake ajifunike miguu.

Hapo ndipo Kinoti angefanya la maana, lakini moyo ulimuuma. Hakutaka kurudi Pickering na kiti kitupu. Aling'ang'ania achukue angalau sanduku moja. Samson alimwambia yote yanaingia nyuma bila shida, ila Kinoti alikuwa tayari ameliinua kubwa, akilikumbatia kama mtu aliyebeba mgonjwa, na alipolitua kwenye kiti cha abiria gari zima liliinama upande huo. Mama akamtahadharisha kwamba mle mna mawe. Na kweli yalikuwamo: vinyago vya mawe laini ya Tabaka, kule kwao Kisii, ndovu, sahani, na bao zima la drafti, zawadi za watu wa kanisani, na pakiti za unga wa wimbi zimeshindiliwa katikati visigongane. Kinoti akalifunga sanduku mikanda yote ya mbio, akavaa miwani yake ya upepo, wakaondoka, Samson mbele, yeye nyuma.

Kiti cha abiria kilishikwa na kipande cha alumini. Zamani kilikuwa cha chuma, kama kilivyotoka kwenye kreti. Kinoti alikibadilisha baada ya ukaguzi, akakitoboa matundu tangu upande mmoja hadi mwingine, na kwa kuwa abiria alikuwa hana, hakuna aliyewahi kukijaribu.

Wakiwa wanapanda njia ya kuingilia 401, pale magari yanapoongeza mwendo, kulikuwa na shimo la kawaida la baada ya majira ya baridi. Samson alilikwepa. Kinoti hakulikwepa vizuri. Alisikia mlio kama wa kuvunjika muwa, kiti kikazama, kikapasua bati la sakafu kama kopo la samaki, na kona ya sanduku ikaanza kusagika kwenye lami. Cheche zilikuwa zinatoka kwenye bolti za titani. Unga wa wimbi ukamwagika nyuma yao, mstari mrefu wa hudhurungi, na kwa kuwa hakukuwa na kioo wala paa, mwingine ulipanda juu ukamjaa usoni. Aliikanyaga breki, na hapa tena tumpe haki yake, breki zilifanya kazi. Akasogea hadi ukingoni mwa barabara, malori yakimpita huku yanampigia honi.

Samson aliona kwenye kioo akasimama mbele. Alirudi kwa miguu akijibanza kandokando ya ukuta wa barabara. Anasema alimkuta Kinoti amepiga magoti kwenye changarawe, uso umejaa unga, ametoa sanduku na anatazama lile tundu la sakafu. Barabara ilikuwa inaonekana. Mkononi alikuwa ameshika nusu ya kile kipande cha alumini.

"Angekuwa amekaa hapo," Kinoti alisema.

Safari hii Samson hakutania. Akalichukua sanduku, akamwambia kwamba yeye na mama watatangulia nyumbani ili mama apumzike. Kinoti akabaki kusubiri gari la kuvuta. Jua lile la asubuhi likaondoka, mvua ikaja, na kwenye gari lisilo na paa mvua haina pa kuzuiliwa. Unga uliokuwa kwenye viti ukawa uji. Dereva wa gari la kuvuta alipofika alilizunguka, akauliza kwa utaratibu kama ajali ilikuwa mbaya sana hata ikang'oa paa, kioo na waipa.

Kemunto alirudi jioni akamkuta mama yake ameshaoga, anakunywa chai, na mumewe ameketi upande wa pili wa chumba akiwa hajabadilisha nguo. Alisikia habari yote kutoka kwa mama, kwa Kikisii, na Kinoti hakuhitaji kutafsiriwa. Kemunto akaomba aonyeshwe hicho kipande. Akakigeuzageuza, akachungulia kupitia matundu yake moja baada ya jingine.

"Kiliokoa uzito kiasi gani?" akauliza.

Kinoti alilijua jibu. Ni mtu anayejua majibu ya namna hiyo.

"Kama chapati moja," alisema mwishowe.

Kemunto alikiweka mezani mbele yake, akaenda kuchukua sufuria. Hakumfokea siku hiyo wala iliyofuata, na Kinoti alituambia baadaye kwamba angependa sana angemfokea. Ni mama aliyemhurumia. Alimwambia ajue hakukataa kupanda kwa kuliogopa gari; yeye magari hayajui, na kama si heshima angeingia tu, kwa sababu mkwe wake ni mtu wa kusoma na alisema ni salama. Alidhani maneno hayo yatamfariji. Kinoti aliyachukua akaenda nayo gereji akafunga mlango, na Melissa anasema alimsikia huko akipenga kamasi.

Ungetarajia hapo tumalize kwa kusema aliliuza. Wiki kadhaa hakuligusa. Aliliangalia tu. Kisha tukaanza kusikia habari za drili tena, na tukadhani anarudisha chuma. Hapana. Aliziba sakafu kwa bati jipya na kiti cha abiria akakiondoa moja kwa moja, na mikanda yake, na kila kilichokishika. Tulipokuwa tukinywa chai baada ya ibada alitueleza, uso umemng'aa, kwamba tatizo lilikuwa kiti chenyewe, na kwamba tangu kiondoke gari limekuwa jepesi kuliko alivyowahi kuota. Kupitia ajali ile, alisema, alijifunza mengi.

Samson alimuuliza Kinoti, je, Kemunto atakaa wapi? Akajibiwa kwamba Kemunto ana gari lake.

Jumapili ya pikiniki ya kanisa, kule Etobicoke, familia iliondoka na gari la familia: Kemunto kwenye usukani, mama kiti cha mbele, Melissa nyuma na masufuria ya pilau mapajani. Kinoti alikuwa ametangulia peke yake ili alifungulie gari mwendo. Walimkuta nusu ya safari, amesimama ukingoni, boneti iko wazi, ameinamia ndani mgongo ukiwa juani. Mama Bosibori alimpungia mkono kwa heshima kupitia dirishani, kama inavyompasa mkwe. Kemunto akapiga honi mara moja, akaendelea na mwendo wake.